Bekingi poda ikiisha, washa sigiri kwanza

Akina mama ninaowafundisha kuoka hapa Kampala hunipigia simu jioni, karibu kila mara kwa jambo lile lile: "Mwalimu, nimeshaponda ndizi, kumbe bekingi poda imeisha!" Nami huuliza, bekingi soda ipo? Na bongo je? Bongo, kwa msomaji wa pwani, ni maziwa ya mgando.

Bekingi poda yenyewe ni soda iliyochanganywa na asidi kavu, pamoja na wanga kidogo wa kuzuia unyevu. Ukikosa poda, asidi unaileta wewe: bongo, limau, hata siki. Soda ikikutana nayo inatoa gesi, na gesi ndiyo inayoinua keki. Soda bila asidi nayo hutoa gesi kiasi ikipata moto, lakini inaacha kabonati ya sodiamu, ndugu wa magadi tunayolainishia maharage. Keki yangu ya kwanza ya soda ilitoka ya manjano yenye madoa, na ladha ya sabuni. Watoto wa jirani waliikataa, na wale hawakatai kitu.

Ya pili niliitia bongo vizuri, ikaharibika kwa sababu nyingine. Nilikoroga, nikaona mapovu yanapasuka pembeni mwa bakuli, nikafurahi, halafu ndiyo nikatoka nje kuwasha makaa. Yaliposhika, bakuli lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Bekingi poda nyingi hutoa gesi mara mbili, kwenye maji na tena kwenye moto, kwa hiyo zinakuvumilia. Soda na bongo hazikungoji.

Basi anza na sigiri. Sufuria kubwa, mchanga mkavu wa vidole viwili, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko ili keki ipate rangi. Nyunyiza unga kidogo kwenye mchanga: ukigeuka kahawia taratibu, moto unafaa, ukiungua papo hapo, punguza makaa ya chini. Wengi huyajaza chini, juu wakaweka mawili matatu. Mimi hufanya kinyume.

Sasa changanya. Unga wa ngano vikombe 2, soda nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo. Kando, ponda bogoya (ndizi tamu kubwa) 3 zilizoiva hadi ganda limeanza kuwa jeusi, tia mayai 2, sukari nusu kikombe, mafuta ya kupikia theluthi ya kikombe, bongo nusu kikombe na limau nusu kijiko cha chai. Siagi si lazima. Unga wa muhogo usiuweke peke yake, hauna gluteni, ile protini ya ngano inayoshikilia gesi. Huo uuachie kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na muhogo, ambavyo hukaangwa.

Unganisha vyote kwa mwiko, mizunguko kama kumi na mitano, mabonge madogo yasikusumbue. Mimina kwenye bati lililopakwa mafuta, liweke juu ya mchanga, funika mara moja.

Walio Kabale, mji wa milimani kusini-magharibi mwa Uganda, karibu mita 2,000 juu ya bahari, wapunguze soda kidogo. Hewa ya huko ni nyepesi, gesi hutanuka zaidi, na keki hupanda haraka kisha ikabonyea katikati.

Usifunue kabla ya dakika 35. Kijiti kikitoka kikavu, epua, iache kwenye bati dakika kumi ndipo uipindue.