Malaika mwenye ngao ya fahali

Kitabu cha kale kikifika mezani kwangu, maneno yake nayaacha kwanza. Nafungua jalada, natazama upande wa ndani. Nikikuta kikaratasi cha malaika aliyepakwa rangi kwa mkono, ameshika ngao yenye fahali mwenye pete puani, nimeshajua kimetoka wapi: monasteri ya Buxheim, karibu na Memmingen, kusini mwa Ujerumani.

Kikaratasi hicho ni alama ya Hilprand Brandenburg wa Biberach, padri aliyeingia monasteri hiyo uzeeni na kuipa vitabu karibu 450. Alifariki 1514. Kikaratasi chake ni kati ya vibandiko vya umiliki vilivyochapwa vya kale kabisa Ulaya. Watu wa pwani wataielewa desturi hii: kitabu cha wakfu huandikwa ndani yake kwamba hakiuzwi wala hakirithiwi. Vya Brandenburg vimeuzwa.

Wamonaki wa Buxheim walikuwa Wakartusi, kila mmoja chumbani mwake, maneno machache. Kanuni yao ya zamani inasema kwa kuwa hawahubiri kwa midomo, wahubiri kwa mikono, yaani kwa kunakili vitabu. Haishangazi maktaba yao ilinenepa, na matbaa zilipoanza ikazidi kujaa.

Mwaka 1803 makabaila wa Kijerumani waliopoteza ardhi magharibi ya mto Rhine kwa Wafaransa walifidiwa kwa mali ya Kanisa. Kwingi Bavaria, maofisa wa serikali walipita wakichagua vitabu bora na kuvipeleka Munich. Ndiyo sababu kubwa maktaba ya serikali huko ina leo nakala kama 20,000 za inkunabula, yaani vitabu vilivyochapwa kabla ya 1501. Buxheim haikuchukuliwa hivyo. Ilipewa kabaila wa Ostein, kisha ikaangukia kwa ukoo wa Waldbott von Bassenheim. Madeni yakawabana, na Septemba 1883 maktaba ikanadiwa Munich.

Viti vya mbao vilivyochongwa vya kwaya navyo viliuzwa, vikaishia Uingereza. Vilirudishwa Buxheim baada ya kununuliwa tena mwaka 1980. Viti ni vitu vya pamoja, vinabebeka kwa lori. Vitabu vilikwisha kutawanyika kwa wanunuzi wengi.

Kimoja kilikuwa kimeondoka mapema zaidi: mswada ulioandikwa kwa mkono wa mwaka 1417, ambao ndani ya jalada lake imebandikwa chapa ya ubao (picha iliyochapwa kwa ubao uliochongwa) ya Mtakatifu Christopher, yenye tarehe 1423. Sasa uko Manchester, maktaba ya John Rylands. Picha imesalimika kwa sababu jalada halikuguswa.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Matajiri wa karne ya 19 walipenda ngozi nyekundu na kingo za dhahabu, basi mafundi wakang'oa majalada ya zamani, wakaosha kurasa. Maandishi yalibaki. Habari za Buxheim zikaenda na takataka.

Siku hizi tunaingiza kila nakala ya inkunabula kwenye kanzidata ya MEI (Material Evidence in Incunabula), inayofuatilia safari za vitabu hivyo: nani aliimiliki, wapi, lini, kwa ushahidi gani. Wiki iliyopita nilipata moja iliyobanduliwa kibandiko. Umebaki mstatili wa gundi iliyogeuka kahawia, na kwenye kona, ncha ya bawa. Nimeandika: Buxheim, na alama ya kuuliza.