Jamani, manila ngumu haifanyi ua lidumu

Mimi natengeneza maua ya karatasi ya kubandika kwenye kadi, na wiki hii peke yake nimeambiwa mara tatu, "dada weka manila ile ngumu kabisa, nataka maua yakae." Wa mwisho ni bi harusi mtarajiwa, anataka kadi 50 za send-off na amekuja na karatasi zake kabisa, za gramu 300 (uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba, gramu zikizidi karatasi ni nene zaidi), kazinunua mwenyewe. Nikamwambia hizi tutengenezee kadi yenyewe, maua hapana. Akaniangalia kama tapeli.

Haya naandika mara moja halafu nitakuwa nawatumia link. Petali lazima ipinde. Karatasi nene ukiipinda inavunjika, unaona ule mstari mweupe pale rangi ilipopasuka, na hata isipovunjika inataka kurudi ilivyokuwa, kwa hiyo muda wote inasukumana na gundi, ndio maana lile waridi la kuviringisha unalala limefungwa vizuri asubuhi unakuta limefunguka kama kabichi. Mimi natumia gramu 120. Hata ya fotokopi, gramu 80, ukiipata ya rangi inatoa maua madogo mazuri tu. 160 ndio mwisho wangu, na hiyo ni kwa waridi la konokono peke yake, lile unalokata ukanda wa kuzunguka kama gamba la konokono halafu unauviringisha.

Ua linasimama kwa umbo bwana. Bati la paa si jembamba? Lakini kwa sababu ya ile migongo yake fundi anatembea juu. Petali nayo hivyohivyo, iweke juu ya ndala kuukuu (ndiyo, ndala, achana na visponji vya dukani), bonyeza katikati kwa mgongo wa kijiko cha chai huku unazungusha mpaka iwe kama kibakuli, halafu kingo zizungushie kwenye biro. Hiyo hailali hata ukiisahau mwezi.

Na kitu ambacho hakuna hata mmoja ananiuliza ni nyuzi. Karatasi ya kiwandani nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja, ule mashine ilikokuwa inaivutia. Ipinde kidogo bila kuweka alama, kwanza kwa urefu halafu kwa upana, utasikia mkononi upande mmoja unakubali na mwingine unagoma. Viringisha kwa ule unaokubali. Krepu, ile karatasi laini yenye mikunjo inayovutika, ndio kabisaa, mikunjo yake isimame kutoka kitako cha petali kwenda juu, ndio utaweza kuivuta kwa upana ikatanuka. Mwanafunzi wangu alikata petali 60 za krepu kwa ulalo, zote zikaenda jalalani, nikanyamaza tu.

Mengine fasta. Eti gundi nyingi ndio inashika, hapana, gundi nyeupe ina maji, ikizidi karatasi inavimba na kujikunyata, na krepu inachuja rangi kwenye kadi yako nyeupe. Tone la kichwa cha kiberiti, shikilia, hesabu mpaka 20. Gundi ya moto inawahi kushika lakini inaacha uvimbe na vile viuzi vya buibui. Eti bila mashine ya kukata hufanyi kazi safi: nunua mkasi mkali na usiukatie nywele.

Hili la maua ya gazeti kwenye albamu ya picha linaniuma kidogo maana kweli yanapendeza. Ila gazeti lina asidi na lignini (kitu kinachotoka kwenye mti wenyewe), linageuka njano haraka, na likigusana na picha miaka na miaka picha nayo inaharibika. Kama umelipenda sana lile gazeti, lipige kopi kwenye karatasi isiyo na asidi, ukate hiyo kopi.

Bi harusi wangu nimempa waridi mbili, moja la 300 lake na moja la 120 langu, pamoja na bahasha aliyoichagua, nikamwambia kalale nazo. Amesema anarudi Jumamosi. La 300 kwenye bahasha halikuingia, nimejaribu mwenyewe.