Kemia ya mwaka wa kwanza: maksi zinatoka wapi, na maabara tunasahihisha nini

"Madam, maabara ina maksi ngapi?" Swali hili hunifikia mapema kila muhula, mara nyingi kabla hata mihadhara haijashika kasi. Nikijibu kwamba ina 15 kati ya 100, naona wengi wameshapiga hesabu yao: 15 ni ndogo, nguvu ziende kwenye mtihani. Nafundisha kozi ya utangulizi wa kemia katika chuo kikuu hapa Tanzania, na hesabu hiyo imewaangusha vijana wengi wenye akili nzuri. Ndiyo maana nimeona niandike kwa Kiswahili, polepole, jinsi kozi hii inavyodai na jinsi tunavyotoa alama.

Tuanze na uzito wake. Kozi ina krediti 12. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo unadaiwa saa 120, zikiwemo zile unazokaa peke yako na karatasi na kikokotoo. Mwaka mzima wa shahada ni krediti 120. Maana yake kozi hii moja ni sehemu ya kumi ya mwaka wako wa kwanza.

Alama 100 zimegawanywa kama ilivyozoeleka katika vyuo vyetu vingi: 40 ni za muhula, ambazo wanafunzi huziita CW, na 60 ni za mtihani wa mwisho, UE. Hizo 40 kwetu zinatokana na majaribio mawili ya alama 10 kila moja, kazi za semina alama 5, na maabara alama 15. Jumla yako ikipatikana inageuzwa kuwa daraja. Kwa mizani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo vyuo vingine pia huifuata, A inaanzia 70, B+ ni 60 hadi 69, B ni 50 hadi 59, C ni 40 hadi 49, na chini ya hapo umefeli. A ina pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2. Pointi hizo huzidishwa kwa krediti, na hapo ndipo GPA, yaani wastani wako wa pointi, inapojengwa. Mwanafunzi aliyetoka na C kwenye kozi yetu badala ya B+ amepoteza pointi 24, yaani 0.2 ya GPA ya mwaka huo. Ukiwa mwaka wa kwanza 0.2 haikuumizi. Inakuja kuuma siku ya kuhitimu, pale mwenye 3.4 anapopewa daraja la pili la chini na mwenzake mwenye 3.5 anapata daraja la pili la juu.

Kuhusu sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli, watu wanaifikiria kama mlango wa nyuma. Ni mlango kweli, lakini mwembamba: hata ukipata 85 kwenye sapu, unaandikiwa C. Na maabara haina sapu kabisa. Kipindi cha titresheni, yaani kudondosha myeyusho mmoja ndani ya mwingine ili kujua ukolezi wake, kikipita, vyombo vimeoshwa, myeyusho umemwagwa, na kundi lingine linaingia kesho yake. Kwetu mwanafunzi aliyekosa vipindi bila cheti cha daktari au ruhusa ya idara hupata sifuri kwa kila kipindi alichokosa, na akizidisha hazuiliwi tena na mimi, anazuiliwa na idara kuingia chumba cha UE.

Wanaoingia kwenye kozi hii wametoka tahasusi za PCM, PCB au CBG, na wote wana ufaulu wa kemia kidato cha sita. Kwenye karatasi wako sawa. Darasani hawako sawa, na tofauti kubwa ni mbili. Ya kwanza ni hesabu: aliyesoma PCB au CBG na kuipitia BAM, somo la hisabati la msingi, juujuu anakwama kwenye logarithmu mara tu tukifika pH, na anakwama kwenye vipeo tukifika msawazo wa kemikali. Hilo lina dawa, na dawa yake ni wiki mbili za mazoezi ya kila siku kabla ya jaribio la kwanza. Ya pili ni mikono. Wapo waliosoma shule zenye maabara kamili, na wapo walioshika bureti, ule mrija wenye vipimo na koki, kwa mara ya kwanza siku chache kabla ya mtihani wa taifa. Nawaambia hawa wa pili waziwazi: hatutoi alama kwa ulikotoka. Fundi sanifu wetu wa maabara anakaa hadi jioni siku za kazi, na anafurahi mtu akimwomba amfundishe kufungua koki ya bureti kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukizungusha chupa. Mwombe.

Mavazi nitayapitia haraka kwa sababu hayana mjadala. Koti la maabara, miwani ya kinga, viatu vilivyofunika mguu wote. Kandambili na yeboyebo zinakurudisha hosteli. Nywele ndefu zifungwe, mtandio uingizwe ndani ya koti, kwa maana moto wa kichomeo hauna subira. Asidi inamiminwa kwenye maji. Kamwe usimimine maji kwenye asidi kali.

Sasa tufike kwenye ripoti, maana hapa ndipo 15 zile zinapopatikana au kupotea.

Chukua kipindi cha kutafuta ukolezi wa asidi hidrokloriki kwa kutumia sodiamu kabonati. Unapima gramu 1.325 za kabonati isiyo na maji, unaiyeyusha hadi sentimita za ujazo 250, na kwa kuwa moli moja ina gramu 106.0, umepata myeyusho wa 0.0500 M, yaani moli 0.0500 kwa lita. Unavuta sentimita za ujazo 25.00 kwa pipeti, unaweka matone machache ya methili oranji, kiashiria kinachobadili rangi kazi ikikamilika, unaanza kudondosha asidi. Jedwali lako lina nguzo ulizozizoea tangu sekondari: pailoti, yaani jaribio la kukadiria, halafu 1, 2 na 3. Tuseme pailoti imekupa 24.80, kisha 24.35, 24.40 na 24.35. Pailoti inabaki kwenye jedwali lakini haiingii kwenye wastani. Tatu zilizobaki zimekaribiana ndani ya 0.10, kwa hiyo zinakubalika, na wastani wake ni 24.37. Moli za kabonati ni 0.00125, kila moja inahitaji moli mbili za asidi, hivyo asidi iliyotumika ni moli 0.00250, na ukolezi wake ni 0.1026 M.

Wapo wanaoandika 0.10258514 kwa sababu kikokotoo kimesema hivyo. Hapo alama moja imeondoka. Mizani na bureti ulizotumia hazina uwezo wa kukupa tarakimu zote hizo, na kuziandika ni kudai kitu ambacho hukukipima.

Ripoti moja ina alama 20, ambazo baadaye tunazipunguza ziingie kwenye 15. Maandalizi kabla ya kipindi yana 3, jedwali la data lina 6, hesabu 5, mjadala 6. Ukiangalia vizuri utaona kwamba hesabu, sehemu ambayo wanafunzi huihangaikia usiku kucha, si ndiyo nzito. Nzito ni data na mjadala, na kote kuwili tunatafuta kitu kimoja: uaminifu kwa ulichokiona wewe mwenyewe.

Data inaandikwa kwa kalamu ya wino, palepale, kwenye daftari la maabara. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya namba ili bado isomeke, kisha andika sahihi pembeni. Wino mweupe wa kufutia haturuhusu. Kabla hujatoka, msimamizi anatia saini kwenye ukurasa wako, na ripoti ikija tunalinganisha. Namba ambayo haipo kwenye ukurasa wenye saini haipo.

Kwa nini ukali huu? Kwa sababu ya kupika data. Kila mwanafunzi anajua inavyofanyika. Unapata 24.35, unasikia meza ya jirani wamepata 25.00, unaogopa, unaandika 25.00, 25.00, 25.00. Au mmeachana na kipindi mapema, mnadesa, yaani mnanakili, ripoti ya rafiki wa mwaka jana usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Tunaitambua kwa urahisi. Kila muhula asidi inaandaliwa upya na ukolezi wake hubadilika kidogo, kwa hiyo namba za mwaka jana haziwezi kuwa zako. Na bureti inayosomwa hadi 0.05 ikikupa 25.00 mara tatu mfululizo, ikakupa namba hiyohiyo na kwa mwenzako wa pembeni, hiyo ni habari ya kuulizwa.

Muhula mmoja nilisahihisha ripoti ya mwanafunzi aliyepata wastani wa 12.20 wakati darasa zima liko karibu na 24.4. Alikuwa ametumia fenolfthalini badala ya methili oranji. Angeweza kuzidisha mara mbili akanyamaza. Aliandika 12.20 yake kama ilivyo, kisha kwenye mjadala akaeleza kwamba fenolfthalini hupoteza rangi mapema, kabonati inapokuwa imegeuka kuwa haidrojenikabonati tu, kabla ya hatua ya pili kukamilika, ndiyo maana asidi iliyotumika ni nusu. Nilimpa alama zote 6 za mjadala na zote 6 za jedwali. Mwenzake aliyekuwa na 24.40 safi na mjadala wa sentensi mbili alipata kidogo kuliko yeye.

Sentensi hizo mbili nazijua kwa moyo, maana nazisoma kila wiki: kulikuwa na makosa ya kibinadamu, na vifaa havikuwa sahihi. Hazina alama hata moja. Makosa gani? Yaliisukuma namba yako upande upi? Ukiosha bureti kwa maji ukasahau kuisuuza kwa asidi yenyewe, asidi inapungua ukali, unatumia nyingi zaidi, na ukolezi unaoukokotoa unakuwa mdogo kuliko ulivyo. Ukiacha povu la hewa kwenye ncha ya bureti likatoka katikati ya kazi, ujazo unasomeka mkubwa kuliko uliodondoka, na matokeo yanaelekea upande huohuo. Lakini ukiacha maji kidogo kwenye chupa ya chini, ile yenye kabonati, hakuna kinachoharibika, kwa sababu idadi ya moli ulizovuta kwa pipeti haijabadilika. Mwanafunzi anayeweza kunitofautishia mambo haya matatu ameielewa titresheni, hata kama mkono wake bado unatetemeka.

Ninalishikilia hili kwa sababu najua wanafunzi hawa wanaenda wapi. Baadhi watafanya kazi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, wengine Shirika la Viwango, TBS, wengine maabara za mamlaka za maji. Pale kaskazini, kuzunguka Mlima Meru, maji ya vyanzo vingi yana floridi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wanaoyanywa kwa miaka hubadilika rangi ya meno, na ikizidi sana hata mifupa inaathirika. Mpimaji aliyezoea kurekebisha namba ili ifanane na iliyotarajiwa atakiandika kisima kile kuwa salama. Tabia hiyo haianzii kazini. Inaanzia kwenye meza zetu, kwa 24.35 iliyogeuzwa 25.00.

Majaribio na UE siyazungumzii sana, maana huko mnajua namna ya kupiga msuli. Niseme moja tu: maswali ya UE hutoka pia maabara. Ninapenda kuweka jedwali la titresheni lenye kasoro na kuuliza kasoro iko wapi. Aliyedesa ripoti zake muhula mzima hana pa kushika. Madesa na mitihani iliyopita vinasaidia kujua mtindo wa swali, havitakufundisha kusoma data ya mtu mwingine. Na mkijadiliana kwenye kundi, jadilianeni kwa Kiswahili hadi jambo lieleweke, kisha kila mmoja aandike ripoti yake kwa Kiingereza kama chuo kinavyotaka. Ripoti nyingi zenye Kiingereza kilichonyooka na kemia iliyopinda zimeandikwa na watu waliokariri kabla ya kuelewa.

CW ikibandikwa kabla ya UE, piga hesabu yako mwenyewe. Mwenye 26 kati ya 40 anayetaka B+ anahitaji 34 kati ya 60, yaani asilimia 57 ya mtihani. Mwenye 18 anayeitaka B+ hiyohiyo anahitaji 42, yaani asilimia 70. Tofauti ya alama hizo 8 mara nyingi iko maabara, na ingepatikana wiki ya tatu, ya nne na ya tano, bila mtihani wowote mkubwa.

Tena zikague. Tunaingiza alama za mamia ya watu, na 13 inaweza kuandikwa 3. Ukiona haziendani na ulizorudishiwa, njoo ofisini kabla ya UE ukiwa na ripoti zako zote zilizosahihishwa na daftari lenye saini. Nikiona ushahidi nairekebisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo usitupe ripoti hata moja mpaka matokeo ya muhula yapitishwe.