Kioo kinazimika nusu dakika baada ya kuwaka

Tableti ilikuwa mezani, ya chipu ya Allwinner. Ikiwashwa, maandishi ya keneli (kiini cha Linux) yanashuka vizuri, kisha baada ya nusu dakika hivi kioo kinakuwa cheusi tititi. Mashine yenyewe ni nzima. Naingia kwa SSH, kupitia mtandao kutoka kompyuta nyingine, na kila amri inajibu. Kwenye logi nikakuta mstari mmoja: jina la regyuleta ya kioo (kifaa kinachokipa kioo umeme), na mbele yake neno "disabling".

Kioo hiki kinaendeshwa na simplefb, kiendeshi kidogo mno cha keneli. Kazi ya kuwasha kioo huwa imeshafanywa na U-Boot, programu inayotangulia kuipakia keneli. Simplefb hupewa anwani ya kumbukumbu, upana, kimo na mpangilio wa rangi, basi. Ila keneli haijui nani kawasha umeme ule. Yenyewe huhesabu watumiaji wa kila regyuleta, na sekunde 30 baada ya kumaliza kuanzisha viendeshi vyake, huzima kila isiyo na mtumiaji, isipokuwa iliyowekewa regulator-always-on. Kioo kinawaka, hesabu ni sifuri, umeme unakatwa.

Dawa iliandikwa mwaka 2015. simplefb hupitia nodi yake (sehemu inayoieleza) kwenye mti wa vifaa, yaani orodha ya maunzi ambayo keneli husoma, huokota kila sifa inayoishia na -supply, kisha huita regulator_enable, amri ya kuwasha regyuleta. Umeme tayari upo. Kinachopatikana ni ile hesabu kupanda ikawa 1.

Pagumu ni hapa. Regyuleta nyingi zimo ndani ya chipu ya umeme, na kiendeshi cha chipu hiyo huenda hakijaamka. Jibu likiwa -EPROBE_DEFER, yaani "bado, jaribu baadaye", simplefb hurudi nyuma na kusubiri zamu nyingine. Kosa jingine lolote huandikwa kwenye logi, kisha kazi inaendelea. Nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote: kioo tayari kinawaka, na kumnyima mtu maandishi ya kuwashia kwa sababu ya laini moja ya umeme ni kumzimia taa gizani.

Kiendeshi kinapoachia kioo, kizime regyuleta zile tu kilizowasha. Kikizidisha, keneli inalalamika "unbalanced disables".

Kabla ya kurekebisha niliwasha mara moja na regulator_ignore_unused, chaguo la keneli la kutozima regyuleta zisizo na mtumiaji, kioo kikabaki. Nikaongeza lcd-supply kwenye nodi, nikaondoa lile chaguo la majaribio, nikafungua regulator_summary kwenye debugfs, mahali keneli inapoonyesha hali yake ya ndani. Safu ya "use" ilisoma 1, na sekunde ya 40 maandishi yalikuwa bado yanasomeka.