Kutetea sheria bora si kuingia siasa

Wapo wanaoamini kwamba afisa ustawi wa jamii akidai sheria ibadilishwe, ameacha kazi yake na kuingia siasa. Si kweli. Fasili ya kimataifa ya taaluma hii, iliyopitishwa mwaka 2014, inataja waziwazi mabadiliko ya kijamii na haki za binadamu. Wala si jambo geni: Florence Kelley, mwanamageuzi wa Marekani aliyeishi Hull House, nyumba ya kuhudumia jamii huko Chicago katika jimbo la Illinois, alikagua vyumba walimoshona nguo hadi watoto, na ushahidi wake ukasaidia kupatikana kwa sheria ya viwanda ya Illinois mwaka 1893.

Wateja wakija mmoja baada ya mwingine na barua ileile ya kunyimwa msaada, kuwajazia fomu upya hakutoshi. Mafunzo kazini yafundishe pia namna ya kuwaandikia wabunge hoja, bila kutoa siri za mteja yeyote.