Je, wajua kwa nini maji anayoteka mama yanahesabiwa, lakini ugali anaosonga hauhesabiwi?

Mwanamke anaamka alfajiri, anateka maji kisimani, anarudi kuinjika sufuria na kusonga ugali. Kwa kanuni za kimataifa za takwimu, kuteka maji kunaongeza Pato la Taifa. Kusonga ugali hakumo kabisa.

Mpaka huo umechorwa na watu. Mwaka 1934 mchumi Simon Kuznets alilipelekea Baraza la Seneti la Marekani makadirio ya pato la nchi. Kazi za nyumbani aliziacha nje, maana hazina bei sokoni, ila alionya kwamba pato la taifa halionyeshi ustawi wa watu. Miaka ya 1940 Phyllis Deane, Mwingereza, alipopima pato la Zambia na Malawi za leo, aliona wanawake wa vijijini wakisaka kuni, wakitwanga na kupika, akashikilia kwamba kazi hizo zihesabiwe. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kupima pato la nchi, wa mwaka 1953, haukumfuata.

Marekebisho ya mwaka 1993 ndiyo yaliyoyaingiza maji waziwazi, kwa kuwa maji ni bidhaa. Kupika, kuogesha mtoto na kuuguza mgonjwa ni huduma, na huduma ambazo watu wa nyumba moja wanapeana bure zikabaki nje. Akizifanya dada wa kazi kwa mshahara, zinahesabiwa mara moja! Watetezi wa kanuni wanasema zikiingizwa zote, karibu kila mtu mzima ataonekana ana kazi, na takwimu za ukosefu wa ajira hazitakuwa na maana. Hoja hiyo ina uzito, lakini kwangu haitoshi kumfanya anayelea watoto watano aandikwe kuwa "hana kazi".

Njia ya kuipima kazi hiyo ya nyumbani ipo. Watu wanaulizwa jana walifanya nini, saa baada ya saa, kisha saa hizo zinazidishwa kwa ujira ambao mtu wa kuajiriwa angelipwa. Kenya ilifanya utafiti wake wa kwanza wa kitaifa wa aina hii mwaka 2021, ikaonekana wanawake wanatumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi bila malipo.

Hata hapo kuna kinachoponyoka. Mama aliyekuwa akipalilia mahindi na mtoto mgongoni, akiulizwa alikuwa akifanya nini saa nne asubuhi, atajibu: "Nilikuwa napalilia." Mtoto hamtaji.