Portia, Jessica, Cordelia: dhana potofu kuhusu mabinti wa Shakespeare na baba zao

"Ufeministi ni kuwasema vibaya akina baba." Hapa Mbeya hoja hiyo ndiyo hutangulia kila tunapojadili tamthilia. Sivyo. Mhakiki wa kifeministi huuliza tu nani anaamua, mali inapita mikononi mwa nani, na binti ana kauli gani. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mahari kule Rungwe, ng'ombe wanajadiliwa sebuleni na mwolewaji yuko jikoni, ameshajiuliza hayo.

"Portia ni mwanamke huru, tajiri asiye na baba." Hii inanikera zaidi. Katika tamthilia ya Mabepari wa Venisi, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, baba amekufa ila wosia wake unatawala. Ameacha masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la madini ya risasi. Atakayechagua lenye picha ya Portia ndiye mume. Portia analalamika kwamba hawezi kumchagua amtakaye wala kumkataa asiyemtaka. Bassanio, mmoja wa wachumba, anapomtaja mara ya kwanza kwa rafiki yake anaanza na urithi, ndipo uzuri unafuata. Akishinda, anakabidhiwa nyumba, watumishi na Portia mwenyewe. Mali imetoka kwa marehemu ikaingia kwa mkwe.

Lakini tusimfanye Portia mnyonge. Wachumba wawili wanachagua bila wimbo. Bassanio peke yake ndiye anayeimbiwa wimbo. Wahakiki wanabishana kama ni dokezo la sanduku la kuchagua. Mimi nasema ni dokezo, tena la makusudi.

"Jessica ni mwizi tu." Kuiba aliiba, na akatoroka. Ila baba yake, Shylock, mkopeshaji katika tamthilia hiyohiyo, anatamani binti afe miguuni pake mradi vito viwe masikioni mwake. Hata hivyo Shylock naye ni Myahudi anayetemewa mate mjini, na pete aliyopewa na Leah, mkewe, Jessica ameibadilisha kwa tumbili. Hapo namhurumia baba.

"Cordelia ni mkaidi." Baba yake, Mfalme Lear katika tamthilia yenye jina hilohilo, ndiye aliyeugeuza upendo kuwa mnada: anayesifu zaidi apate ardhi zaidi. Cordelia akakataa kupanda dau, akanyimwa fungu lake. Mchumba wake, mtawala wa Burgundy, akamwacha palepale. Mfalme wa Ufaransa akamchukua mikono mitupu.

Na wanaodhani mama kukosekana ni bahati mbaya tu, wahesabu tena. Leah anakumbukwa kwa pete, mke wa Lear kwa kaburi, mama yake Portia hatumsikii. Hakuna hata shangazi wa kumvuta baba pembeni amwambie, "Kaka, hapo umekosea."